Sura ya Tisa: Moshi Ulioishia Njiani

Kama kuna mwanamke aliyewahi kununiana na moshi, basi ni Akanisi. Tangu asubuhi alikuwa amekaa kitako katika ukumbi wa kanisa wa Korovatu, vitabu vimemzunguka mkekani kama watoto wanaodai chakula, naye akibishana na ukurasa mmoja tu.

"Moshi unapanda," aliuambia. "Ukifika juu unasimama. Basi. Uende wapi tena?"

Ukurasa ulinyamaza. Jumatatu ilikuwa siku ya mtihani kule Suva, mtihani wa daraja la juu wa usanifu wa mifumo ya kengele za moto, na ulikuwa umeshamwangusha mara moja. Hesabu za betri hazikumshinda, hizo alizipiga huku akimenya muhogo. Waya zinavyopoteza nguvu njiani alizijua. Sauti inayotosha kumwamsha mlevi aliyejifungia chumbani hotelini, hiyo nayo alikuwa nayo kichwani. Kilichomwangusha ni swali moja nono: ukumbi mrefu, paa la bati, hauna dari, pwani kwenye jua kali, chora vihisi moshi vikae wapi. Akanisi alivipanga vyote kileleni, chini ya mgongo wa paa, kwa uhakika wa mtu anayetundika picha ya harusi yake. Akafeli.

Safari hii akifaulu, ofisi yao ya Nadi ingempeleka Auckland miaka miwili, kusimamia michoro ya hospitali nzima. Kazi hiyo alikuwa akiiota macho wazi. Asipofaulu, angebaki mezani pake akichorea wenzake vyumba vya kufulia nguo.

Na mtu aliyekuwa akija leo kumsaidia afaulu, yaani kumsaidia aondoke, alikuwa Jolame. Hapo ndipo lilipokuwa swali ambalo hakuna kitabu mkekani pale kilichokuwa na jibu lake.

Jolame alikaa meza ya pili kutoka yake. Mtihani huo aliufaulu mwaka uliopita, baada ya kuufeli mara mbili, na alisimulia kufeli kwake kwa furaha kuliko kufaulu. Kwa wiki nyingi sasa alikuwa akimvizia Akanisi saa ya chakula cha mchana. Ananyoosha kijiko, anamuuliza: "Hoteli ina ghorofa sita, jikoni kumewaka, unaanza kuwatoa watu gani?" Akijibu sawa, Jolame anamega kipande tu cha samaki wa Akanisi. Akikosea, anamnyang'anya samaki wote.

Hakuna aliyeshangaa, maana Jolame alikuwa mtu wa kisiwa cha Nukulevu, na watu wa Nukulevu na watu wa Korovatu ni watani. Mizimu yao ya kale ilikuwa ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo wajukuu wameruhusiwa kutukanana bila kukasirika, kunyang'anyana kuku bila kuitana wezi, na kuchekana hata msibani. Anayenuna ndiye mwenye kosa. Hivyo siku ile Jolame alipopiga meza ofisini, mbele ya kila mtu, akatangaza, "Jamani, huyu nitamwoa," watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Akanisi alicheka kuwashinda wote. Kisha alikwenda msalani, akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji.

Mtani akikwambia anakutaka, utampima kwa kipimo gani? Moshi una kihisi chake. Joto lina chake. Hili la Jolame halikuwa na chombo.

Nje, sauti ya Shangazi Vilomena ilipasua joto la adhuhuri. Dada huyo mkubwa wa baba yake Akanisi ndiye aliyemlea, na hata baba mwenyewe hakuwa na neno la mwisho dada yake akishasema lake.

"Nani huyo anayeingia kijijini kwa watu na kofia kichwani kama jogoo?"

"Ni mimi, bibi harusi wangu," ilijibu sauti ambayo Akanisi aliitambua kwa mgongo kabla ya masikio. "Nimekuja kuwaangalia kuku wangu kama unawalisha."

"Kuku wako aliwamaliza baba yako siku alipokuja kuomba maji."

"Mlimpa maji? Kumbe watu wa milimani mna maji? Kwetu tunaambiwa mnaoga kwa kupepewa."

"Na nyinyi mmeoga baharini mpaka mmeota magamba. Hebu geuka nione shingo. Eee, hilo hapo, jamani, gamba hilo."

"Hilo ni busu ulilonipa Krismasi, limekauka."

Shangazi aliangua kicheko, kisu cha magimbi kikamponyoka. Mle ndani Akanisi alijiziba mdomo kwa daftari. Jolame alitokea mlangoni, kofia sasa mkononi, gunia begani, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Akavua kandambili, akaketi ukingoni mwa mkeka.

"Umekula?"

"Nimekula kurasa."

"Ndiyo maana unanukia maktaba. Lete swali."

"Lile lile."

"Umeweka wapi?"

"Juu."

"Tena?"

"Jolame, nisikilize. Mimi nimekulia jiko la kuni. Kila siku ya maisha yangu nimeuona moshi ukienda juu, ukatoka kwenye makuti. Bibi yangu aliuona, mama yake bibi aliuona. Halafu mtu mmoja Sydney, anapikia umeme, anakaa anaandika kitabu kwamba moshi unaweza ukachoka njiani. Kweli moshi unachoka? Umetembea umbali gani?"

Jolame hakucheka. Alimtazama tu, na macho yake yalikaa usoni kwake zaidi kidogo ya yanavyokaa macho ya mtani.

"Sikuelezi tena," alisema. "Leo utaona mwenyewe." Akalifungua gunia. Ndani mlikuwa na makumbi ya nazi, mengine makavu, mengine mabichi, na debe kuukuu. "Nimepita kwa mkuu wa kijiji, nimempa fungu la mizizi ya yaqona, ile ya kinywaji cha wazee, kama mtu aliyelelewa. Akaniuliza nataka kuchoma nini. Nikamwambia, moshi tu, mzee. Akasema mradi paa libaki."

Walifunga madirisha pamoja, huyu upande huu, yule upande ule. Mlango mmoja tu waliuacha wazi, ule usio na upepo. Juu yao jua lilikuwa limelilalia paa, na bati lilikuwa likilia ta, ta, ta, kama mafuta yanayopata moto. Jolame aliweka debe katikati ya ukumbi juu ya matofali, akawasha makumbi makavu, akayafunika kwa yale mabichi. Akarudi mkekani akilengwalengwa na machozi, nyusi moja imepakwa masizi.

"Sasa lala chali."

"Nilale chali, kwa shangazi yangu, ukumbi wa kanisa?"

"Mlango uko wazi. Shingo yako siyo ya twiga, utaangaliaje juu umekaa?" Akachukua kitabu cha kanuni, kile kinene kinachoweza kuua mbuzi, akakisimamisha katikati ya mkeka. "Haya. Mpaka huo. Atakayeuvuka anasoma kurasa zote kwa sauti."

Akanisi akalala upande wake wa kitabu, Jolame upande wake. Wakaangalia juu.

Moshi ulitoka kwenye debe kama kamba ya kijivu, umenyooka, hauna haraka. Ulipita usawa wa madirisha. Ukapita boriti za chini. Akanisi alitaka kusema "unaona?" lakini neno lilimwishia mdomoni, maana kamba ile, ilipokaribia theluthi mbili za njia, ilianza kusita. Ikajikunja. Ikainamisha kichwa, na badala ya kupanda ikaanza kutanda huku na huku, taratibu, mpaka ikawa kama shuka iliyotandikwa hewani. Juu ya shuka ile hewa ilikuwa safi kabisa. Aliona misumari ya bati. Aliona kiota cha ndege kwenye mgongo wa paa, kila kijiti chake.

"Umesimama," alinong'ona.

Jolame aliendelea kutazama juu.

"Mbona umesimama? Hakuna kitu pale. Hakuna ubao, hakuna dari. Nani kauzuia?"

"Niulize mimi au ujiulize wewe?"

"Nyamaza basi." Aliinua mkono, akaufuata moshi kwa kidole. "Unapanda kwa sababu ni wa moto kuliko hewa iliyouzunguka. Njiani unapoa. Sasa pale juu... bati. Bati limechemka tangu asubuhi. Hewa iliyo chini ya bati ni ya moto kuliko moshi wenyewe." Alijiinua kwa kiwiko, macho yamemtoka. "Jolame, juu kuna kifuniko. Hakionekani, lakini kipo. Kihisi changu kimekaa juu ya kifuniko, kinavuta hewa safi, kinasinzia."

"Na watu?"

"Watu wako huku chini wanakohoa, na kengele haina habari." Akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyekiona kibao cha njia aliyokuwa akipotea kila siku. Akavuta karatasi, akaanza kuchora akiwa amelala kifudifudi. "Hivyo natandaza vihisi vya mwali, vile vinavyorusha mwanga ukuta hadi ukuta, mstari mmoja hapa, usawa wa boriti. Mwingine juu kidogo, kwa moto mkubwa zaidi. Na vile vya kileleni..." Kalamu ikasimama. Jolame alishikilia pumzi. Hilo Akanisi alilisikia. "Vya kileleni siviondoi. Jua likizama bati linapoa, kifuniko kinaondoka, na moshi unafika juu kabisa, kama bibi yangu alivyouona."

Jolame aliachia pumzi. "Hicho kipande cha mwisho ndicho nilichokikosa mara ya pili. Niliviondoa. Nilijiona mjanja sana."

"Ungeniambia tu tangu mwanzo."

"Nilikwambia mara ngapi? Hukuniamini. Wewe ni mtu wa kuona."

Ni kweli, alikuwa mtu wa kuona. Sasa, mtihani ukiwa umekaa vizuri kwenye karatasi yake, macho yake yaliachana na moshi yakamgeukia aliyeuleta. Mtu huyu alikuwa amebeba gunia la makumbi kwenye basi, joto hili lote. Mikono yake ilikuwa na michubuko midogo ya kufua nazi. Aliyatazama yote hayo kama anavyotazama mchoro wa jengo asilolijua: mlango wa kuingilia uko wapi?

"Jolame, kwa nini unanisaidia?"

"Kwa sababu unalipa kwa samaki."

"Nikifaulu naondoka. Unajua."

"Najua."

"Basi kuna mambo mawili. Ama unataka niondoke, au..."

"Au?"

"Mimi ndiye ninayeuliza."

"Nataka meza yako. Iko karibu na kiyoyozi."

Akanisi alicheka. Kisha akajikuta hacheki. "Niambie bila utani," alisema. "Sentensi moja. Naiomba kama msaada wa masomo."

Jolame akautazama moshi wake. Lile domo lililomshinda kila mtu ofisini lilionekana limesahau kazi.

"Siwezi kuongea hivyo na wewe," alisema hatimaye. "Nikianza, nasikia kama nimevaa shati la mtu."

"Livae hivyo hivyo."

"Nikikuacha ufeli, utabaki." Sauti yake ilikuwa chini, haina mkato wake wa kawaida. "Kila siku utakuwa pale, na mimi kila siku nitajua umebaki kwa sababu gani. Sitaki uwe karibu yangu kwa sababu umeanguka."

Akanisi hakujua aweke wapi mikono yake. Kitu kilimpanda kifuani, na hiki hakikuonekana kuwa na mpango wa kusimama popote.

"Na kiyoyozi ni kweli," Jolame aliongeza haraka.

"Umeharibu."

"Shati linabana."

Masizi bado yalikuwa kwenye nyusi yake. Akanisi aliyatazama, akajiambia ni masizi tu, mtu yeyote angeyafuta. Akanyoosha mkono juu ya kitabu cha kanuni, akayafuta kwa kidole gumba, taratibu, kutoka ndani kwenda nje. Jolame alifumba macho. Mkono ulikuwa umeshamaliza kazi na haukurudi.

"Msiogope, nimeleta maji."

Shangazi Vilomena alikuwa mlangoni na ndoo imejaa pomoni, kanga ya kiunoni imelowa upande mmoja. Aliutazama moshi uliotanda juu. Akalitazama debe. Kisha akawatazama wale wawili mkekani, na kitabu, na mkono. Aliiweka ndoo chini polepole sana.

"Nimenusa moshi kutoka mlangoni. Nikasema kanisa letu halina kengele, basi kengele niwe mimi. Mnafanya nini?"

"Tunasoma, Shangazi," alisema Akanisi, akiketi.

"Mmelala."

"Moshi uko juu."

"Na mkono ulikuwa unasoma nini usoni kwake?"

Shangazi alipita akaenda kuketi upande wa juu wa ukumbi, mahali pa wakubwa, akamwonyesha Akanisi nafasi ya kando yake. Akanisi akaenda, akaketi. Jolame alibaki peke yake katikati ya mkeka.

"Nilidhani mimi ni mzee, macho yananidanganya," Shangazi alianza. Sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo lilimtisha Akanisi zaidi. "Kila wiki gari la Nadi linamleta huyu. Nikasema ni mtihani. Mwanangu, mtani ni mtu wa kucheka naye. Mume wako atakuwa mtu wa kuniheshimu: asipite mbele yangu wima, asitaje mwili wangu, asinitolee meno mezani. Huyu aliniita nazi iliyooza, mbele ya mchungaji."

"Na wewe ulimwita kitoweo cha papa, Shangazi. Mchungaji alicheka."

"Ndiyo. Tulicheka wote. Sasa leo awe mkwe, nani atamheshimu nani? Enzi za babu yako watu wa Nukulevu walioa hapa. Harusi ilikuwa tamu. Baada ya harusi pande mbili hazikujua zicheke au zinyamaze, zikachagua kununiana. Nyumba ile mpaka leo haina mtu wa kuitania. Nikifa, nataka watu wa Nukulevu waje kuniibia mikeka na kunicheka jeneza likipita. Unataka waje wainamishe vichwa tu?"

Akanisi alitazama mikono yake. Alikuwa amejiandaa kwa hasira. Hakujiandaa kwa hili, kwamba shangazi yake alikuwa anaogopa kupoteza kitu anachokipenda.

"Halafu hujui hata kama anakutaka," Shangazi aliendelea, na sasa aliirudisha sauti yake ya uani, kama mtu anayefungua dirisha makusudi. "Huyu amemposa kila mwanamke wa kijiji hiki. Mimi ameniposa mara ngapi? Si ndiyo, wewe pua ya kasa?"

Akasubiri. Hapo ndipo mahali pa Jolame kujibu. Tusi lilikuwa limetengewa kiti.

Jolame hakujibu. Alirudi nyuma kwa magoti mpaka upande wa chini wa ukumbi, karibu na mlango, akakunja miguu, akainamisha kichwa. Akapiga makofi mazito, ya viganja vilivyokunjwa, pole pole, kama apigavyo mtu mbele ya wakubwa anapoomba kusikilizwa. Kisha akanyamaza.

"Aa," alisema Shangazi. "Bahari imekuingia masikioni? Nimesema pua ya kasa. Kasa mwenyewe mzee, aliyekataliwa na mchuzi."

Kimya.

"Bibi yako, yule aliyezaliwa na miguu miwili ya kushoto, aliyecheza ngoma akaingia baharini bila kujua. Nimemtaja bibi yako, mtoto wewe."

Kope za Jolame zilicheza. Akanisi aliliona jibu limemjaa mdomoni, jibu tamu, jibu ambalo lingesimuliwa Korovatu mwaka mzima. Aliliona analimeza. Makumbi yalipasuka ndani ya debe, cheche mbili zikaruka zikafa.

"Nijibu," alisema Shangazi Vilomena, na kicheko kilikuwa kimemtoka sautini. "Unaumwa?"

"Hapana, Mama."

Mama. Hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita bibi harusi, alimwita mwizi wa kuku, alimwita nazi. Akanisi alisikia shangazi yake akivuta hewa kwa pua.

Akanisi akaelewa. Alikuwa ameomba sentensi moja bila utani, na Jolame alikuwa ameisema kwa njia pekee asiyoweza kuiharibu mwishoni. Mtani asiyerudisha tusi amevua utani mwilini mwake. Alikuwa ameuvua hapa, mbele ya mwanamke anayempenda kwa utani kuliko wote, na huenda asirudishiwe tena. Alikuwa na sura ya mtu aliyetoka baharini bila nguo, anasubiri tu kuona nani atamtupia kitambaa.

Akanisi aliinuka. Aliinama kama inavyopasa, akapita nyuma ya shangazi yake, si mbele, akashuka upande wa chini wa ukumbi. Akaketi karibu na mlango, kando ya Jolame, pasipo kitabu kati yao. Hakumgusa. Hakuwa na haja.

"Nikifaulu naenda Auckland, Shangazi," alisema. "Hilo sijalibadilisha."

"Hujaulizwa wewe." Shangazi hakuondoa macho kwa Jolame. "Amesema anakwenda. Umesikia?"

"Aende, Mama."

"Na wewe?"

"Nitakuwepo. Ni miaka miwili. Mtihani huu huu ulinila mitatu."

Hilo lilikuwa karibu na mzaha, na kona ya mdomo wa Shangazi iliruka kidogo kabla hajaikamata. Alinyoosha nguo yake magotini. Alikaa wima zaidi. Aliponena tena, alinena kwa lugha ile ya mikutano, iliyopigwa pasi.

"Jolame, mwana wa Nukulevu. Mama yako anajua?"

"Anajua."

"Ajue na taratibu. Jino la nyangumi la posa halibebwi kwenye gunia la makumbi. Watakuja wazee wenu kwa njia yake, watakaa hapo ulipokaa, watasema. Sisi tutafikiri. Mama yako anasemaje?"

Jolame alikuna goti. Kwa mara ya kwanza tangu aketi pale, alimtazama Akanisi, mtazamo wa mtu anayeomba msamaha kabla ya kosa.

"Amekataa."

"Amekataa nini?"

"Hili. Amesema mtu wa Korovatu ni wa kucheka naye, siyo wa kukaa naye jikoni. Amesema, nani atamheshimu nani."

Akanisi alimgeukia. "Hukuniambia."

"Ulikuwa unasoma."

"Amemkataa huyu?" Shangazi alisema pole pole, kana kwamba anaonja kitu na hakielewi. "Huyu wangu? Anayetoa hesabu za umeme kichwani? Anayekwenda kujengea watu hospitali New Zealand? Amemkataa bila kumwona?"

"Bila kumwona, Mama."

"Yeye. Yeye ndiye wa kutukataa sisi." Alikuwa amesimama, hakuna aliyemwona akisimama. Kidole chake kilielekea mashariki, kwenye bahari ambayo haionekani kutoka Korovatu. "Sikiliza. Ukirudi kwenu kamwambie yule mwanamke, yule mwenye kisigino cha..."

Akakoma.

Kidole kilibaki hewani. Tusi lilikuwa tayari, Akanisi aliliona limesimama nyuma ya meno ya shangazi yake, tusi la miaka mingi, la kifalme, linagonga mlango litoke. Wakatazamana, mwanamke yule na kijana yule aliyeinamisha kichwa. Shangazi Vilomena alifumba mdomo. Koo lake lilipanda, likashuka, kama mtu anayemeza mwiba wa samaki mbele ya wageni.

Akalishusha lile dole. Akaokota ndoo yake.

"Kamwambie mama yako," alisema, "namsalimia."